Kayumba au English medium: watoto wawili wa nyumba moja

Kila Oktoba uandikishaji wa darasa la kwanza unapoanza, wazazi wa mtaani kwetu Tabata hunipitia na swali lilelile: mtoto nimpeleke wapi? Wananijia mimi kwa sababu nyumbani kwangu tulipita njia zote mbili kwa wakati mmoja. Kwa miaka sita kamba yetu ya nguo ilianikwa sare mbili. Huku shati jeupe na sketi ya bluu. Kule shati la mistari, suruali ya kijivu, sweta lenye nembo, na soksi ambazo huruhusiwi kuzinunua popote isipokuwa shuleni kwenyewe.

Sketi ya bluu ilikuwa ya Zawadi (jina nimelibadili), mtoto wa marehemu dada yangu, aliyekuja kwangu kutoka Singida akiingia darasa la pili. Suruali ya kijivu ilikuwa ya Baraka, mwanangu wa kumzaa, anayemfuata Zawadi kwa mwaka mmoja. Zawadi alisoma shule ya msingi ya serikali, hizi tunazoziita Kayumba. Baraka alisoma English medium, shule binafsi inayofundisha kwa Kiingereza. Leo wote wawili wanasoma sekondari moja ya kata, ya kutwa, Zawadi kidato cha tatu na Baraka cha pili, maana hela ya sekondari binafsi haikupatikana. Kwa hiyo nimeona njia mbili zikikutana tena kwenye lango moja.

Watoto wawili si utafiti, nalijua hilo. Ila nimekaa pia kwenye kamati ya shule ya Zawadi kwa miaka mitatu, na nimehudhuria vikao vya wazazi kwa Baraka tangu chekechea. Ninayoyaandika hapa ni ya kumsaidia mzazi kuchagua, na ni ya kumwomba afikirie pia mtoto wa jirani anapochagua.

Kinachouzwa hasa ni nini

Tuanze na jambo ambalo wenye shule hawalisemi kwenye mabango yao. Mtoto wa Kitanzania husoma msingi kwa Kiswahili, kisha siku ya kwanza ya kidato cha kwanza anakuta karibu kila somo linafundishwa kwa Kiingereza. Baiolojia, Fizikia, Jiografia, Hisabati, vyote vimebadilika lugha kati ya Desemba na Januari. English medium inauza daraja la kuvuka shimo hilo. Mengine yote, gari la njano, bwawa la kuogelea, mahafali ya chekechea yenye majoho, ni nyongeza.

Na shimo lenyewe tulilichimba wenyewe. Mwaka 1982 tume ya rais iliyoongozwa na Jackson Makweta ilipendekeza Kiswahili kiwe lugha ya kufundishia mpaka sekondari, ianze na kidato cha kwanza mwaka 1985. Serikali haikukubali. Wanaisimu wetu, akiwemo Profesa Martha Qorro wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wamerudia kwa miaka mingi kwamba Kiingereza kifundishwe vizuri kama somo, na masomo mengine yafundishwe kwa lugha ambayo mtoto anaielewa. Tumewasikiliza, tumepiga makofi, tukaenda kulipa ada.

Zamani wenye uwezo waliwapeleka watoto Kenya na Uganda kutafuta Kiingereza. Sera ya Elimu ya mwaka 1995 ilipofungua mlango kwa watu binafsi, shule hizo zikaja mpaka mlangoni, na leo ukisimama barabarani Tabata au Kimara saa kumi na moja na nusu alfajiri utayahesabu magari yake mpaka uchoke.

Mambo yanabadilika kidogo. Mtaala ulioanza kutumika Januari 2024 umeingiza Kiingereza kama somo tangu darasa la kwanza, ambapo kwa Zawadi kilianza darasa la tatu, na elimu ya msingi imepunguzwa kutoka miaka 7 hadi 6. Hilo linasaidia. Lakini lugha ya sekondari ni ileile, kwa hiyo shimo lipo palepale.

Hela

Baraka alisoma English medium ya kati, si ya mabalozi. Mwaka wake wa darasa la saba nililipa ada 1,400,000, gari la shule 600,000, na vitabu, sare, mitihani ya majaribio na mahafali vikafika kama 300,000. Jumla 2,300,000. Kima cha chini cha mshahara wa mtumishi wa serikali tangu Julai 2025 ni 500,000 kwa mwezi, yaani milioni 6 kwa mwaka kabla ya makato. Mtoto mmoja wa English medium ya kati anakula zaidi ya theluthi ya hapo. Na zipo za bei ya chini kuliko hii, kama zilivyopo za kimataifa ambazo ada yake ya mwaka inanunua kiwanja.

Kayumba ni bure tangu Januari 2016, michango ya lazima ilipofutwa; ada yenyewe ilifutwa mwanzoni mwa miaka ya 2000. Bure hiyo ina mambo yake. Sare unanunua. Daftari unanunua. Kidumu cha maji na fagio la chelewa mtoto anakwenda navyo. Ikiwa shule iko mbali, nauli ya mwanafunzi ni shilingi 200 kwenda na 200 kurudi. Kwa siku 194 za masomo ni 77,600, na hapo makonda hajamwacha kituoni. Halafu uji, mlinzi, twisheni ya jioni, na hela ya karatasi za mtihani wa kila mwezi. Darasa la saba la Zawadi lilinigharimu kama 250,000.

Kwangu 250,000 ni hela ya kupanga. Kwa jirani yangu anayekaanga mihogo kituoni ni hela inayomfanya mtoto aaibike. Niliona kwa macho yangu siku ya mtihani wa mwezi: waliolipa mia tano wamepewa karatasi iliyochapwa, ambao hawakulipa wananakili maswali ubaoni. Mwenzake yuko swali la kumi na mbili, yeye bado anaandika swali la tano alijibu baadaye. Dakika ni zilezile kwa wote. Mwalimu hakuwa na roho mbaya. Shule haikuwa na hela ya wino.

Ruzuku ya mwanafunzi wa msingi ilipangwa tangu Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi (MMEM), mwaka 2002, kuwa shilingi 10,000 kwa mwaka. Mishahara ya walimu inalipwa na Hazina kando, kwa hiyo usiilinganishe moja kwa moja na ada ya Baraka. Lakini hiyo ndiyo hela ya chaki, ukarabati, mitihani na karatasi, na ukiigawa kwa siku 194 unapata shilingi 51 na ushei kwa mtoto kwa siku. Hainunui andazi.

Ndani ya darasa

Kiwango cha serikali ni wanafunzi 45 kwa darasa la msingi. Zawadi alipoingia darasa la pili walikuwa 112, mwalimu mmoja, na yeye alikaa sakafuni mpaka madawati yalipoletwa akiwa darasa la nne. Baraka walikuwa 34. Tofauti hii inaonekana kwenye daftari kuliko mahali pengine popote. Fungua daftari la Baraka, kila ukurasa una alama ya vema na tarehe kwa wino mwekundu. La Zawadi, mara ya mwisho kusahihishwa ni wiki tatu nyuma. Mwalimu wa watoto 112 akisahihisha daftari moja kwa dakika mbili, atatumia karibu saa nne kwa somo moja tu.

Kama ningeishia hapo, uchaguzi ungekuwa rahisi. Siishii hapo.

Zawadi alikuwa anasoma Kiswahili kwa ufasaha kabla darasa la pili halijaisha, pamoja na msongamano ule wote, kwa sababu neno alilolisoma alikuwa analijua tayari mdomoni. Baraka akiwa darasa hilohilo alinisomea ukurasa mzima wa Kiingereza bila kukwama, sauti kama ya mtangazaji. Nikafurahi. Nikamuuliza, hadithi inahusu nini? Akaanza kuusoma ukurasa upya. Hakuwa na kitu cha kunieleza. Alikuwa anasoma sauti, maana ilikuwa bado haijafika. Ilimchukua mpaka darasa la nne kusoma na kuelewa kwa pamoja. Na katika miaka hiyo Kiswahili chake kilidumaa: nikimtuma dukani, muuzaji akimwambia “elfu moja mia saba na hamsini,” anabaki ameshika noti anamwangalia. Mara mbili alivishwa kibao shingoni kwa kumwita mwenzake kwa Kiswahili. Mtoto wa Mswahili, Tabata, anatembea uwanjani na kibao cha aibu kwa kusema “njoo.”

Walimu nao. Mwalimu wa Hisabati wa Zawadi alikuwa mama mtu mzima, mwenye miaka zaidi ya ishirini kazini, anayejua mtoto anapokosea kugawanya amekosea wapi. Baraka katika mwaka mmoja alibadilishiwa walimu watatu wa Hisabati, maana shule nyingi binafsi za kiwango chetu hulipa mshahara mdogo bila uhakika, na ajira za serikali zikitangazwa mwalimu anafungasha katikati ya muhula. Mzazi akiona jengo limepakwa rangi anadhani amenunua mwalimu. Muulize mwenye shule: mwalimu huyu wa darasa la kwanza yuko hapa tangu lini?

Na si kila English medium ina Kiingereza. Kaa nyuma ya darasa nusu saa. Ikiwa watoto hujibu kwa pamoja kwa sauti moja tu, na hakuna hata mmoja anayeuliza swali lake mwenyewe, basi Kiingereza hakijawa lugha yao. Ni wimbo wanaoukariri.

Kuhusu bweni sina mengi ya kusema. Mwaka 2023 serikali ilizuia bweni kwa watoto wa awali mpaka darasa la nne, na nadhani ilichelewa.

Matokeo yasikupumbaze

Wazazi wengi huamua kwa kuangalia matokeo ya darasa la saba. Shule binafsi ina wastani wa A, Kayumba ina wastani wa C, basi mjadala umefungwa. Subiri kwanza.

Shule nyingi binafsi humpa mtoto usaili kabla ya kumpokea. Asiyeweza kusoma hapokelewi. Kisha kuna wastani wa kupandia darasa: mtoto asipoufikia anakaririshwa, au mzazi anaitwa na kushauriwa kwa upole amtafutie mtoto “mazingira yatakayomfaa.” Serikali imekemea tabia hiyo zaidi ya mara moja, lakini upole ule hauandikwi kwenye barua. Katika darasa la Baraka walianza 36 darasa la kwanza, na walioketi mtihani wa darasa la saba kati ya wale wa mwanzo hawakufika 25. Waliotolewa walikwenda wapi? Wawili niliwakuta shuleni kwa Zawadi.

Kayumba haichuji. Anayekuja anapokelewa: aliyelala na njaa, aliyehama mara nne, asiyeona vizuri na hajawahi kupimwa macho. Mtoto mwenye ulemavu ambaye binafsi zilimwambia “hatuna mtaalamu,” shule ya serikali ndiyo itakayompokea, na zipo kama Uhuru Mchanganyiko hapa Dar es Salaam zilizobeba kazi hiyo kwa miaka mingi. Kulinganisha wastani wa shule inayochagua watoto na wastani wa shule inayopokea wote si kulinganisha ufundishaji. Januari 2023 Baraza la Mitihani liliacha kutangaza shule na wanafunzi bora kitaifa. Nililiunga mkono.

Hata hivyo nisikufiche: ukiondoa mchujo wote huo, mtoto wa darasa la watu 34 ambaye daftari lake linasahihishwa kila siku ana nafasi kubwa kuliko wa darasa la 112. Hilo ni la kweli, na ndilo linaloniuma.

Lango la kidato cha kwanza

Mwaka wa kwanza wa sekondari Zawadi aliugua kimya. Darasa la saba alikuwa na A tatu. Machi ya kidato cha kwanza alirudi na ripoti ambayo Baiolojia ilikuwa na alama 21. Nilimketisha mezani nikamuuliza mmea unatengenezaje chakula chake. Akanieleza usanisinuru kuanzia mwanga wa jua, maji kutoka kwenye mizizi, hewa ukaa inayoingia kwenye majani, mpaka sukari, na akanichorea. Anajua kila kitu. Kwenye karatasi ya mtihani alikuwa ameandika mstari mmoja, tena kanakili swali. Alama 21 hazikupima Baiolojia.

Baraka alipofika hapo mwaka uliofuata alipita kama maji. Alielewa mwalimu, alielewa kitabu, alinyosha mkono. Wiki zile chache za kozi ya lugha wanazopewa kidato cha kwanza alikuwa anawasaidia wenzake.

Hapo ndipo milioni zangu zilipojionyesha, na ningesema uongo nikisema hazikufanya kazi. Lakini tazama kilichofuata. Zawadi alipofika katikati ya kidato cha pili alikuwa amepata Kiingereza cha kutosha kuandika anachokijua, na anachokijua kilikuwa kingi. Sasa anampita Baraka Hisabati, Fizikia na Kiswahili. Baraka anampita Kiingereza, Historia na Jiografia, kwenye insha. Pengo limebaki, dogo, na limegeuka sura. Mwaka mmoja na nusu ndiyo bei aliyolipa Zawadi. Wapo wenzake wengi ambao mwaka huo mmoja na nusu uliwatoa shuleni kabisa, maana hakukuwa na mtu wa kumketisha mezani na kumwambia kwamba si mjinga.

Kosa langu kubwa lilikuwa miezi ya kusubiri. Mtihani wa darasa la saba hufanyika Septemba, kidato cha kwanza huanza Januari. Hiyo ni miezi mitatu na zaidi, na Zawadi aliitumia kuosha vyombo na kuangalia tamthilia. Watoto wa majirani walipelekwa masomo ya maandalizi ya kidato cha kwanza, saa mbili kwa siku, kwa ada ndogo kuliko ya mwezi mmoja wa gari la Baraka. Laiti ningelijua hilo mapema, nusu ya mateso yake yangepungua.

Swali aliloniuliza Zawadi

Alikuwa darasa la tano. Jioni, anakunja nguo, akaniuliza: “Mamdogo, gari la Baraka unalilipia shilingi ngapi?” Nikamtajia. Akanyamaza kidogo, akaendelea kukunja, akasema, “Kumbe gari tu linazidi vyote vyangu.” Hakusema kwa uchungu. Alikuwa amepiga hesabu, na jibu lake lilikuwa sahihi.

Nilipompokea nilijiambia kwamba mtoto aliyetoka kijijini hataweza Kiingereza, atateseka bure, afadhali aende anapopaweza. Ilikuwa sababu ya kujitulizia moyo. Ukweli ni kwamba hela ilikuwa ya mmoja, na mmoja huyo alikuwa amekwisha kuchaguliwa kabla Zawadi hajapanda basi la Singida. Nyumba nyingi za mjini ziko hivi. Wa kuzaa kwenye gari la njano, wa ndugu kwenye Kayumba, na dada wa kazi mwenye miaka 15 hayuko popote. Tukisema elimu inatenganisha watu, tusitazame Masaki, mtaa wa matajiri, peke yake.

Kutoka hapo mtego unakwenda mbali zaidi. Nafasi za sekondari za serikali zenye hadhi, za vipaji maalumu kama Ilboru, Mzumbe, Kibaha na Kilakala, hupangwa kwa alama za darasa la saba. Alama hizo hutoka zaidi kwenye madarasa ya watoto 34 kuliko ya 112. Kwa hiyo kodi ya muuza mihogo inalipia bweni la mtoto ambaye baba yake alikuwa na milioni mbili za kumwandaa, na mtoto wake mwenyewe anabaki sekondari ya kata. Hakuna aliyeiba, kila mtu amefuata utaratibu. Mwalimu Nyerere mwaka 1967, kwenye Elimu ya Kujitegemea, alitaka elimu ya msingi iwe kamili yenyewe, isiwe tu foleni ya kwenda sekondari. Tumerudi kwenye foleni, na mbele wamewekwa waliolipa.

Na ukiondoka, unaondoka na mdomo wako. Kikao cha wazazi kwa Baraka, gari la shule lilipopandishwa bei, wazazi walisimama mmoja baada ya mwingine, wahasibu, wanasheria, maofisa, na mwenye shule akarudisha bei ndani ya wiki. Kikao cha wazazi kwa Zawadi, shule yenye watoto zaidi ya 1,400, tulihudhuria kama 60, wengi akina mama waliofunga genge kwa saa moja. Taarifa ya mapato na matumizi ilisomwa harakaharaka, hakuna aliyeuliza. Wanaojua kuuliza walikuwa wamehamisha watoto wao.

Ndiyo nikagombea kamati. Tulikuwa watatu wenye ung’ang’anizi: mimi, fundi seremala, na mwalimu mstaafu. Kiwango kinasema tundu moja la choo kwa wasichana 20. Sisi tulikuwa na matundu 6 kwa wasichana zaidi ya 700, na wakubwa walikuwa hawaji shuleni siku zao za hedhi. Tuliandika barua kwa mtendaji wa kata, tukaenda kwa diwani, tukarudi, tukaenda tena. Ilichukua miezi 14. Matundu 12 yakajengwa, yenye maji na chumba cha kubadilishia. Bado hayatoshi. Lakini muhula uliofuata mwalimu wa zamu alinionyesha daftari la mahudhurio la darasa la saba, na mistari ya wasichana ilikuwa imejaa.

Njia ya tatu

Zipo shule za serikali zenye mchepuo wa Kiingereza. Dar es Salaam wengi wanazijua Olympio, Diamond na Bunge, na halmashauri kadhaa mikoani zimefungua za kwao. Wazazi huchangia ada, lakini ndogo kuliko ya binafsi, na walimu ni waajiriwa wa serikali. Ukipata nafasi, chukua. Kwa familia ya kipato cha kati sijaona thamani inayoizidi. Shida ni nafasi, na ni chache mno kiasi kwamba anayezipata mara nyingi ni yule aliyekwisha kujua pa kupita. Nasikitika kwamba shule ya umma nayo imekuwa na mlango wa kulipia.

Ningekuwa wewe

Kama ada ya English medium itakufanya ukope, uuze kiwanja, au umtoe mtoto katikati ya njia ukikwama, usianze. Mtoto anayetolewa English medium darasa la nne na kuingia Kayumba anapoteza pande zote mbili: Kiswahili cha darasani hana, Kiingereza alichoanza kinakatika. Nimeona watano hivi. Mtu hujikuna ajipatapo.

Kama hela ipo bila kuumia, na wewe mwenyewe unatoka saa kumi na moja na kurudi saa tatu usiku, hakuna mtu nyumbani wa kufungua daftari, basi English medium yenye walimu wanaodumu itambeba mtoto mahali ambapo wewe huwezi. Ila msomee hadithi za Kiswahili usiku, na umtume dukani na noti.

Kama hela ipo nusunusu, na nyumbani kuna mtu mzima anayeweza kukaa na mtoto nusu saa kwa siku, nakushauri Kayumba iliyo karibu, ya kutembea kwa miguu, na hela ile uipeleke kwingine. Mimi ndivyo ninavyofanya sasa. Kitinda mimba wangu anatimiza miaka 6 na nimemwandikisha shule ileile aliyosoma Zawadi. Kwa mwaka nimetenga 600,000: mwalimu wa Kiingereza siku tatu kwa wiki, vitabu vya hadithi vya lugha zote mbili, chakula cha mchana, na akiba ya masomo ya maandalizi ya kidato cha kwanza. Humo nimetoa 60,000 za karatasi za mtihani, mia tano kwa watoto kumi na wawili wa darasa lake kwa miezi kumi, ili wasinakili ubaoni. Hainitoshi moyoni, lakini ndiyo niliyoiweza mwaka huu.

Uandikishaji ni bure. Nenda na cheti cha kuzaliwa cha mtoto, na usiende asubuhi mapema wakati wa gwaride kila kitu kikiwa kimepangwa. Nenda saa nne, watoto wakiwa darasani. Mwombe mwalimu mkuu akuonyeshe darasa la kwanza, uhesabu vichwa, ufungue daftari moja uangalie lilisahihishwa lini. Kisha pita ubao wa matangazo uone kama taarifa ya ruzuku imebandikwa, na muulize kikao cha wazazi kinachofuata ni lini.